Mashine zinazowajutisha maseremala, na namna ya kuzitambua ukiwa bado dukani

Swali la msomaji, Kisauni: «Assalamu alaikum. Mimi ni seremala mwenye karakana ndogo hapa Kisauni. Natengeneza vitanda, kabati za jikoni na milango ya ndani, nikisaidiana na kijana mmoja anayejifunza kazi. Mwezi ujao ni zamu yangu katika chama, na nimekusudia pesa zote ziingie kwenye mashine. Dukani nimeonyeshwa mashine moja ya kazi tano, na shemeji yangu aliyeko Marekani yuko tayari kuja na seti ya vifaa vya betri. Lakini kila fundi ninayemjua ana mashine aliyoinunua kwa hamu kisha akaiweka pembeni. Naomba unieleze ni zipi hasa mafundi huzijutia, na kwa nini, nisije nikatupa pesa baharini.»

Waalaikum salaam, fundi. Ukiwauliza wenzako kwa nini mashine zao zimewekwa pembeni, wengi watakujibu kwamba hazina nguvu. Ukizichunguza, hata hivyo, mara nyingi utakuta mota ni nzima na inazunguka vizuri, na kilichomshinda fundi ni ile sehemu inayoshika kipimo. Reli ya msumeno wa meza haisimami sambamba na diski, bamba la chini la msumeno wa mkono limepinda, kichwa cha msumeno wa pembe kinachezacheza kwenye bawaba yake, au koleti ya ruta, yaani kibanio cha ile mashine ya kuchonga kingo na nakshi, haibani kisu sawasawa. Kwenye boksi huandikwa wati, nguvu farasi na mizunguko kwa dakika, ambazo zote ni habari za mota, wala hakuna boksi linalomwambia mnunuzi kwamba reli itahama milimita mbili kila inapokazwa. Kwa hiyo mnunuzi hulinganisha kile alichoandikiwa, huchagua wati nyingi kwa bei ndogo, na majuto huanza siku ya kuunganisha kabati. Ndiyo maana katika kila mashine nitakayoitaja nitakuelekeza kwanza penye kipimo, kisha kwenye mota.

Nianze na msumeno mdogo wa meza, ule wa kubebeka wenye meza ya aluminiamu, kwa kuwa ndio unaotamanisha zaidi na ndio ninaousikia ukilalamikiwa zaidi. Kazi yake kubwa ni kupasua mbao kwa upana ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na upana huo unatoka kwenye reli. Reli za mashine za bei ya chini aghalabu hubanwa upande wa mbele tu, hivyo ncha ya nyuma huwa huru kusogea mbao inapoisukuma. Ncha hiyo ikiinamia upande wa diski, mbao hubanwa katikati, kingo zake huungua na kuwa nyeusi, mota hulemewa, na mara nyingine mbao yenyewe hurushwa kwa kasi kumwelekea fundi. Fundi huyo ndiye atakayekwambia kwamba msumeno wake hauna nguvu. Ukiwa dukani, omba mashine itolewe kwenye boksi na kufungwa kikamilifu, uhakikishe plagi imechomolewa, kisha utie alama kwenye jino moja la diski. Pima umbali wa jino hilo hadi kwenye reli likiwa mbele, zungusha diski kwa mkono hadi jino lilelile lifike nyuma, upime tena. Vipimo hivyo vikipishana kwa zaidi ya nusu milimita, legeza reli, ikaze upya na urudie. Kosa linalobaki vilevile kila mara huweza kurekebishwa kwa skrubu zake; reli inayotoa jibu jipya kila inapokazwa haina dawa, hata muuzaji akikuahidi kwamba itatulia ikizoea kazi. Angalia pia kama nyuma ya diski kuna ulimi wa chuma unaopanda na kushuka pamoja nayo. Ulimi huo ndio unaozuia mpasuo kujifunga na kuishika diski, na msumeno unaouzwa bila huo usiununue kwa bei yoyote.

Kuhusu wati, kuna hesabu chache zinazotosha kukulinda. Nguvu farasi moja ni wati 746. Stima yetu ni ya volti 240, na plagi ya pini tatu tunayoitumia ina fyuzi isiyozidi ampia 13, kwa hiyo kinachoweza kupita humo kwa kazi ya mfululizo ni kama wati 3,120. Mashine yenye plagi hiyo inayojitangaza kuwa na farasi tano inatangaza kitu kisichoweza kutoka ukutani, kwa sababu farasi tano ni wati 3,730 hata kabla ya kuhesabu kinachopotea kwa joto. Tena wati za kwenye boksi kwa kawaida ni za umeme unaoingia, si za kazi inayotoka, na baadhi ya watengenezaji huhesabu ule mpigo mfupi unaotokea mota inapokaribia kusimama. Liache boksi, usome kibati kilichobandikwa kwenye mota. Katika mashine za kusimama utaona herufi S ikifuatwa na namba. S1 ina maana kwamba mota inaweza kuubeba mzigo ulioandikwa bila kupumzika. S6 40% ina maana kwamba katika kila dakika kumi itaubeba mzigo huo kwa dakika nne tu, na sita zinazobaki izunguke bila kazi ipoe. S2 ikifuatwa na idadi ya dakika ina maana kwamba mzigo huo ni wa dakika hizo pekee, kisha mota izimwe hadi ipoe kabisa. Mota mbili za wati 1,500, moja ya S1 na nyingine ya S6, hazilingani hata kidogo, na tofauti hiyo utaiona wazi chini ya mabati ya Mombasa mwezi Machi.

Sasa mashine ya kazi tano. Kwa maelezo yako nadhani ni ile inayounganisha msumeno, randa ya kunyoosha, randa ya unene, kutoboa na kuchimba matundu ya ndimi, yote katika mwili mmoja na mota moja. Mvuto wake naufahamu, kwa maana karakana ni finyu, kodi hailali, na bei yake iko chini ya jumla ya mashine tano. Shida yake iko kwenye mwendo wa kazi yenyewe. Kitanda au mlango hautengenezwi kwa kumaliza hatua moja kabisa kisha kuhamia nyingine. Fundi hupasua, hunyoosha, hurudi kupasua kipande kilichoharibika, hutoboa, kisha hugundua kwamba fremu imepungua na kuanza tena. Katika mashine ya kazi tano kila kurudi huko ni kuondoa reli, kuhamisha mkanda, kuinua au kushusha meza, na kukipoteza kipimo kilichokuwa kimewekwa kwa taabu. Kipande kilichopasuliwa asubuhi na kingine kilichopasuliwa alasiri kwa kipimo kilekile hutoka vikipishana kidogo, na hiyo «kidogo» ndiyo inayokufanya upige randa droo ili zifunge. Baada ya muda fundi huchoka kuihamisha, akaiacha imefungwa kwa kazi moja anayoihitaji zaidi, na zile nne zikasahauliwa.

Ufupi wa meza zake ni tatizo jingine, na kwako wewe unayetengeneza milango ni tatizo kubwa. Mafundi hukadiria kwamba randa ya kunyoosha huinyoosha vizuri mbao isiyozidi kama mara mbili ya urefu wa meza zake zote mbili zikiunganishwa. Meza zikiwa na jumla ya sentimita 75, mbao ya mita moja na nusu ndiyo kikomo chake, ilhali miimo ya pembeni ya mlango wa kawaida hufika mita mbili. Miimo hiyo itatoka na tumbo lisiloonekana kwa macho ikiwa benchini, lakini ukishautundika mlango utagusa fremu katikati na kuachia mwanga juu na chini. Jambo la mwisho ni kwamba mashine tano zilizofungwa kwenye mota moja hufa pamoja: kapasita ikiharibika Jumatatu, karakana nzima imesimama hadi ipatikane nyingine. Sisemi kwamba kila mashine ya mseto ni mbaya, kwani zipo zenye mota zaidi ya moja na meza nzito za chuma cha kusubu ambazo karakana ndogo za Ulaya huzitumia kwa miaka mingi, lakini bei yake ni ya ulimwengu mwingine.

Kwa kazi hizo nzito ningependelea ulipie huduma badala ya kununua mashine. Wauza mbao wengi hapa mjini hupasua na kupiga randa kwa malipo ya futi, kwa mashine nzito ambazo mimi na wewe hatutakuwa nazo. Nunua mbao iliyokwisha nyooshwa pande zote nne ikiwa na ziada ya milimita chache, iache itulie karakanani kwako siku kadhaa ikizoea unyevu wa hapo, kisha uimalizie mwenyewe. Randa ya umeme ya mkono inatosha kwa umaliziaji huo, mradi ukumbuke kwamba kisu chake kwa kawaida ni cha milimita 82. Wanaoijutia ni wale walioinunua wakitarajia kusawazisha uso wa meza ya kulia chakula, wakapata mawimbi na mistari kila pale kisu kilipopita kando ya njia ya kwanza. Kwa kingo za milango na kwa kupunguza unene haraka ni chombo kizuri sana.

Seti ya betri ya shemeji yako inahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndani yake mna mema na mitego pamoja. Betri ya volti 18 ina seli tano zilizopangwa mfululizo, kila seli ikiwa na volti 3.6 za kawaida. Seli hizohizo tano zikiwa zimejaa hufika volti 4.2 kila moja, ambazo jumla yake ni 21. Kwa hiyo anayeandika 18V, anayeandika 20V na anayeandika 21V wanauza kitu kimoja kwa majina matatu. Mfano ulio wazi ni DEWALT, ambaye Marekani huandika 20V MAX na Ulaya huandika 18V XR, na betri zake huingiliana. Lakini ukikutana na drili iliyoandikwa 48V au 88V na betri yake inatosha kiganjani, ujue namba hiyo si ya volti za umeme wowote uliomo ndani. Ampia-saa (Ah), yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi, nazo unaweza kuzikagua kwa mizani. Betri ya 18V yenye Ah 5 iliyotengenezwa kwa seli ndogo za kawaida inahitaji seli kumi, na kila seli ina uzito unaokaribia gramu 45 hadi 48, hivyo seli peke yake ni karibu nusu kilo kabla ya kuhesabu ganda na vyuma. Betri inayojiita Ah 5 ikiwa na uzito wa gramu 350 imebeba seli tano tu, au imebeba seli dhaifu.

Nishati nayo ina kikomo. Volti 18 ukizizidisha kwa Ah 5 unapata wati-saa 90. Msumeno unaovuta wati 900 ukipasua mvule utaimaliza betri hiyo kwa dakika kama sita za kukata mfululizo. Kwa drili ya kufungia skrubu, ambayo hufanya kazi kwa sekunde chache chache, wati-saa hizo zinatosha kwa muda mrefu, na kwa fundi anayekwenda kufunga kabati kwenye nyumba isiyo na stima bado, Mtwapa au Nyali, chombo cha betri ni neema. Kwa kupasua mbao karakanani siku nzima, hapana. Ndiyo maana seti za vipande vitano au sita huleta majuto: drili mbili hutumika kila siku hadi zichakae, na msumeno wa diski, msumeno wa kwenda na kurudi na taa hubaki ndani ya begi. Ukinunua drili mbili za kampuni hiyohiyo zisizo na begi wala taa, umenunua ile sehemu ya seti utakayoitumia. Na betri zisikae chini ya mabati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huzizeesha hata zisipotumika.

Stima ya Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, yetu ni volti 240 na mizunguko 50. Chaja nyingi zinazouzwa kule ni za volti 120 pekee, na ukiichomeka hapa itakufa papo hapo. Chombo cha waya cha volti 120 nacho kitaungua kabla hujakichomoa, na ili ukitumie kwa transfoma, transfoma hiyo lazima iwe na uwezo wa kubeba wati zote za chombo na ziada ya kuanzia, jambo linaloifanya iwe nzito na ghali. Mashine za kusimama zenye mota isiyotumia kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zina tatizo la ziada lisilotibiwa na transfoma: kasi yake inafuata mizunguko ya stima, kwa hiyo mota ya mizunguko 60 hapa kwetu itazunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake na kupata joto kupita kiasi. Vyombo vya mkono vyenye kaboni havijali mizunguko, vinajali volti tu.

Kwa kuwa bidhaa nyingi za mtumba hushukia bandarini kwetu, niongeze neno juu ya zile za Uingereza. Maeneo ya ujenzi ya huko hutumia vifaa vya volti 110 kwa sababu za usalama, vyenye plagi za manjano za mviringo. Muuzaji wa hapa huikata ile plagi ya manjano, akaweka ya pini tatu, na mnunuzi hujua ukweli moshi unapotoka. Soma kibati kwanza. Ukiona volti 380, 400 au 415, hiyo ni mashine ya fezi tatu, na bila laini hiyo karakanani haitakufaa. Nikishasema hayo, nakiri kwamba mashine kuukuu ya chuma cha kusubu, ikiwa na volti na mizunguko inayotufaa, mara nyingi hushika kipimo kuliko mpya ya bati, na kutu ya juu juu ya meza huondoka kwa msasa laini na mafuta. Usiisogelee tu ile misumeno mikuukuu ya Kimarekani ambayo mota yake huning'inia kwenye mkono mrefu juu ya meza. Ubunifu huo wa Raymond DeWalt wa miaka ya 1920 ulienea sana, lakini mkono ule hupoteza pembe kwa urahisi na diski yake hupenda kuipanda mbao na kumjia mkataji. Mwaka 2000 mamilioni ya misumeno ya aina hiyo yaliyouzwa Marekani kwa jina la Craftsman yaliitwa yarudishwe au yafungwe kinga mpya kwa ajili ya usalama.

Katika ruta, mtego mkubwa ni mdogo kwa kipimo. Visu vya robo inchi vina shina la milimita 6.35, na vipo vingine sokoni vyenye shina la milimita 6 kamili. Vivyo hivyo nusu inchi ni milimita 12.7, na vipo vya 12. Shina la 6 likiingizwa kwenye koleti ya 6.35 huonekana limebana, kisha katikati ya kazi hupanda au hushuka polepole na kuharibu nakshi yote, na likitoka kabisa kwa kasi ya mizunguko zaidi ya 20,000 kwa dakika sina haja ya kukueleza litakwenda wapi. Ruta ndogo nyingi zilizorudishwa madukani zikidaiwa kuwa na «beringi mbovu» zilikuwa na ndoa hiyo ya vipimo viwili. Kwa kabati na milango chukua ruta inayokubali shina la nusu inchi, yenye kidhibiti cha kasi, kwa sababu visu vikubwa vya kuchongea paneli lazima vizungushwe polepole.

Vifaa vidogo navipita kwa haraka. Taa nyekundu ya mstari kwenye misumeno haionekani kwenye mwangaza wa mchana wetu, na ikionekana huwa imepotoka. Alama ya penseli ni bora. Mashine ya msasa ya pembetatu yenye umbo la pasi hufika kwenye kona, lakini karatasi zake hupatikana kwa shida na hutoweka dukani kabla ya mashine. Jigso ya bei ya chini hukata juu ya mstari na chini ikaenda kwingine, kwa kuwa roda inayoushika msumeno kwa nyuma haishiki kitu. Mfuko wa vumbi unaokuja na mashine hukusanya machicha na kuliachia vumbi laini lipite, na hilo laini ndilo baya: tangu mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kuwasababishia binadamu saratani. Vaa barakoa nzuri, ufanyie kazi penye upepo wa bahari.

Mashine ya biskuti, ile inayochimba mifereji ya kuunganishia mbao kwa vipande vidogo vya mti viitwavyo biskuti, inastahili sentensi zaidi, maana nimewaona wengi wakiinunua kwa kuvutiwa na video. Fundi Mswisi Hermann Steiner aliibuni njia hiyo katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya mbao za chembechembe, na siri yake ni kwamba vipande vya mti vilivyoshindiliwa huvimba vikiguswa na gundi ya maji na kujikaza ndani ya mfereji. Hapa Pwani huvimba pia kwa unyevu wa hewa vikiwa bado kwenye pakiti, kisha haviingii. Visipohifadhiwa ndani ya chupa iliyofungwa kabisa ni hasara, na kwa kabati za jikoni vijiti vya duara na gundi hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ya tundu la drili. Kifaa kingine kinachonunuliwa kwa ndoto ni ile mota ndogo ya kushika kama kalamu, inayotazamiwa kuchonga nakshi kama za milango ya Mji wa Kale. Kwenye mbambakofi au mvule hutoa vumbi na harufu ya kuungua zaidi ya nakshi. Wachongaji wa ushirika wa Akamba pale Changamwe, ambao ushirika wao ulianza mwaka 1963, wamejijengea jina kwa tezo na patasi, na tezo haina kaboni ya kubadilisha.

Kuhusu grainda iliyofungwa diski ya meno ya kukatia mbao sitasema mengi, ila usifanye hivyo wala usimruhusu kijana wako. Grainda ya milimita 115 huzunguka kwa takriban mizunguko 11,000 kwa dakika, ilhali diski nyingi za mbao zimeandikwa kikomo kilicho chini sana ya hapo, na haina ulimi wala bamba la kuizuia isiruke.

Kabla ya kuitupa mashine yoyote uliyo nayo, jaribu kwanza diski mpya. Diski inayokuja na mashine ya bei ya chini mara nyingi ni duni kuliko mashine yenyewe, na mbao za kwetu hazina huruma nayo: mnazi na msaji zina madini ya silika ndani yake, yanayoyala meno ya chuma cha kawaida kwa muda mfupi. Tumia diski zenye ncha za tangsteni, yenye meno 24 hivi kwa kupasua na yenye 60 kwa kukata plaiwudi na kukata mbao kimkingamo. Angalia pia waya wa ekstensheni. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30, ukipitisha ampia 9, hupoteza takriban volti 14 njiani, ilhali wa milimita mraba 2.5 hupoteza kama nne. Jioni, stima ya mtaa ikiwa tayari imepungua, volti hizo 14 ndizo zinazoifanya mota ingurume badala ya kukata. Na ukiukunja waya huo kwenye gurudumu lake wakati wa kazi, utauyeyusha.

Kwa hiyo pesa za chama ningezigawa namna hii. Kwanza msumeno wa diski wa mkono wenye waya, ambao bamba lake la chini ni la aluminiamu nene ya kusubu badala ya bati lililokunjwa, pamoja na reli ndefu ya kuuongoza. Kwa viwili hivyo utakata shiti za plaiwudi kwa unyofu ambao msumeno mdogo wa meza hautaufikia. Kisha ruta ya nusu inchi, mashine ya msasa ya duara yenye karatasi za kubandika na kubandua, na drili. Sehemu nzuri ya pesa, hata robo, iende kwenye diski, visu na klampu, kwa sababu hakuna fundi niliyewahi kumsikia akilalamika kwamba ana klampu nyingi mno. Kwa kila chombo, kabla hujalipa, mwambie muuzaji akutolee kaboni na swichi za modeli hiyohiyo uzione kwa macho. Akikwambia «tutaagiza», hesabu kwamba chombo hicho kitaishi hadi kaboni ya kwanza itakapokwisha. Angalia pia kama kuna alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na uandikiwe kwenye risiti siku ambazo unaweza kukirudisha.

Kwa upande wa shemeji, mwombe alete drili mbili na betri bila chaja, za kampuni ambayo chaja yake ya volti 240 umekwisha iona dukani hapa Mombasa. Betri za ziada azibebe kwenye mkoba wa ndani ya ndege, si kwenye sanduku, na kila betri isizidi wati-saa 100; za kati ya 100 na 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kuzibeba. Wati-saa huandikwa kwenye betri yenyewe kwa herufi Wh, kwa hiyo akutumie picha ya lebo hiyo kabla ya kulipa.